Mahale: kempu za kifahari ufukweni, msitu na mlima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele. Bei, njia na ukweli wake (uzi mrefu)

Mwisho_wa_Reli:

Wakuu salaam.

Kila mtu akiuliza humu wapi aende kupumzika kifahari, yaani alale kwenye tenti la maana, maji mbele msitu nyuma, majibu ni yaleyale, Zanzibar, Serengeti, mwenye hela zaidi anaambiwa Ngorongoro ukingoni. Mahale haitajwi kabisa. Mimi nimezaliwa Kigoma na nimekulia Ujiji, hii kitu inaniuma kiukweli, maana nchi hii sijaona sehemu nyingine ambayo mlima, msitu na ufukwe vimebanana namna ile, na wageni wanalijua, wanatoka kwao wanabadilisha ndege tatu nne mpaka wafike pale, sisi tuko hapa tunashindanisha hoteli za Nungwi.

Kwa wasiopajua. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, mkoa wa Kigoma wilaya ya Uvinza, ukitoka Kigoma mjini kwa maji ni zaidi ya kilomita 120 kuelekea kusini. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,600 na kidogo. Ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Nkungwe ni mita 2,462, sasa piga hesabu, kutoka mchangani unapokunywa chai hadi kileleni ni karibu mita 1,700 za kupanda na hamna tambarare ya maana hapo katikati, mlima unaanzia majini. Na msitu upo kwa sababu ya huo mlima. Ule unyevu wa ziwa unapanda ubavuni, unapoa huko juu, unageuka mawingu na mvua, ndio maana upande wa ziwa ni msitu mzito wa kijani mwaka mzima, ila ukivuka mgongo wa mlima kwenda mashariki unakuta miombo ya kawaida kama ya Tabora. Kwa hiyo viumbe vya misitu ya Kongo na vya kwetu huku vinakutana sehemu moja. Sokwe, mbega wekundu, mbega weusi kwa weupe, chui, nguruwe pori, vipepeo usiseme.

Barabara ndani ya hifadhi hamna. Hata moja. Unafika kwa boti, au kwa ndege ndogo inayotua kiwanja cha kaskazini halafu unamalizia kwa boti, na ukishafika ni miguu yako tu. Hakuna kukaa kwenye Land Cruiser kusubiri simba apite.

Kempu za kifahari ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Inayojulikana zaidi ni Greystoke Mahale ya kampuni ya Nomad, banda sita tu ufukwe mzima, zimejengwa kwa mbao za mashua kuukuu, mbele ziko wazi kwa hiyo unaamka kitandani unaona maji. Ndio ile yenye yule ndege mwari (pelican) aliyepotea na dhoruba mwaka 2013 wakamlea akajifunza kuruka wakamfunga kamera kwenye mdomo, video ikazunguka dunia nzima. Ipo na ya Mbali Mbali, ile iliyokuwa ikiitwa Kungwe Beach, hiyo ni tenti kubwa zimewekwa juu ya sakafu za mbao, choo na bafu ndani. Halafu TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nao wana mabanda yao ya kawaida ndani ya hifadhi na sehemu ya kupiga tenti lako mwenyewe, nitayarudia.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja. Kifahari cha Mahale sio godoro wala mvinyo, hivyo vipo kila mahali. Ni nafasi. Banda sita maana yake wageni kumi na wawili hivi, mbele yenu ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, nyuma yenu mlima mzima, na hamna mtu mwingine. Hicho ndio kinauzwa bei ile, na hicho ndio kitakufa siku tukipeleka barabara na maghorofa. Lakini pia sio haki kwamba mwananchi ana machaguo mawili tu, bei ya mamilioni au banda la kitanda na chandarua. Katikati hapo hamna kitu. Tujadili.

Bint_Pangani:

Kaka umenishika pabaya mwenzio naolewa mwaka huu na mume mtarajiwa anataka fungate ya bara sio pwani, kasema pwani tumezaliwa tutaenda kufanya nini. Sasa hiyo bei ya mamilioni ni mamilioni ya namna gani? Na miezi ipi nzuri?

Mwisho_wa_Reli:

Hongera sana dada. Msimu wa juu kempu za daraja la kwanza zinapita dola elfu moja kwa mtu kwa usiku mmoja. Nimesema kwa mtu, sio kwa chumba. Humo ndani kuna chakula, vinywaji, boti, kwenda kuona sokwe na waongozaji, ila ndege ya kufika mara nyingi unalipa pembeni na sio ndogo. Kabla ya kulipa uliza swali hili kwanza, ada ya hifadhi imo au haimo, na kama imo wamekupigia ya mgeni au ya raia, kwasababu tofauti ni kubwa mno na wewe ni raia, beba kitambulisho cha NIDA. Na uliza bei ya mkazi, wengi wanayo ila hawaitangazi, inatolewa kwa anayeuliza, hasa miezi ambayo wageni wamepungua.

Miezi: kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Masika kempu kubwa zinafungwa kabisa, kuanzia kati ya Machi hadi Mei hivi. Kama lengo kubwa ni sokwe basi Agosti, Septemba, Oktoba, maana miezi hiyo wanashuka chini karibu na ufukwe, mnaweza kutembea nusu saa mkawakuta. Mwanzoni mwa kiangazi njia inaweza kuwa masaa kadhaa ya kupanda kwenye matope na mizizi, mkae mkijua. Fungate lenu liwe na viatu vya kushika vizuri.

Mpishi_wa_Ziwani:

Nimefanya kazi jikoni kwenye kempu moja ya huko kwa misimu kadhaa, jina naliacha. Naomba niongezee upande wa nyuma ambao mgeni haoni, maana watu wanauliza kwanini bei iko vile wanadhani ni wizi.

Kila kitu unachokiona pale kimekuja kwa maji au kwa ndege. Kila kitu. Unga, mafuta, gesi, shuka, soda, msumari. Bidhaa zinapakiwa Kigoma zinashuka kwa boti la mbao usiku kucha, kama ziwa limechafuka boti halitoki, na mgeni hajui habari hiyo yeye anataka saladi. Kwa hiyo mpishi wa Mahale anajifunza kupanga wiki mbili mbele. Umeme ni wa sola, maji ya kuoga yanachemshwa, friji zinazimwa usiku sehemu nyingine. Takataka zote zinarudi zilikotoka. Halafu wafanyakazi wanaishi hukohuko msimu mzima, huwezi kusema unaenda nyumbani jioni, nyumbani ni wapi na boti ni moja.

Chakula kizuri kuliko vyote pale ni samaki, na nawaambia kama mpishi. Kuhe akitoka majini asubuhi mchana yuko mezani hahitaji kitu zaidi ya chumvi, ndimu na moto wa mkaa. Migebuka vilevile. Wageni wengine walikuwa wanaomba wale tunachokula sisi, tunawapa ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, sahani inarudi nyeupe.

Usiku mkikaa ufukweni mtaona taa nyingi mbali huko ziwani, ni wavuvi wa dagaa wa vijiji vya nje ya hifadhi, wanavua usiku usio na mbalamwezi kwa kuwavuta dagaa kwa mwanga. Ndani ya eneo la hifadhi uvuvi umezuiwa ndio maana ukivaa miwani ya kupigia mbizi karibu na miamba unaona samaki wa rangi wamejaa, ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za jamii ile ya sato na karibu wote hawapo kokote duniani zaidi ya humu.

Na mizigo jamani. Ndege ndogo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini lisilo na matairi. Watu wanakuja na masanduku magumu wanayaacha kiwanjani wanalia.

Kipusa_254:

Wadau mambo, niko Nairobi. Hii story ya kuogelea nataka kuuliza, mnasema maji safi unaona hadi chini, lakini si kuna mamba? Na watoto wangu wana miaka 7 na 9, wataruhusiwa kuona sokwe?

Mwisho_wa_Reli:

Karibu sana jirani. Mamba wapo na viboko pia wapo, na kuna nyoka wa majini, swila wa ziwa, mpole lakini ana sumu kweli. Kwa hiyo hauogelei popote unapojisikia, kempu zinakupeleka kwa boti kwenye maji ya kina mbali na ufukwe ndio unaruka, au wanakuonyesha sehemu wanayoijua wao. Sikiliza wanachosema watu wa pale, usifuate picha ya mtu mtandaoni. Upande wa vijijini uliza na habari ya kichocho.

Watoto wako kwa sokwe hapana, umri wa chini ni miaka 12. Sheria nyingine ni hizi: kundi lisizidi watu sita, saa moja tu mkishawafikia, mita 10 umbali, barakoa usoni muda wote, hamna kula wala kutema mate mbele yao. Sokwe mwenyewe akikusogelea wewe unapisha njia.

Daktari_wa_Bara:

Hapo kwenye barakoa nikazie maana naona watu wanachukulia kama urasimu. Sokwe ni ndugu wa karibu sana na sisi kimaumbile, mafua yetu yanawaingia moja kwa moja na wao hawana kinga nayo. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliingia kundi la M pale Mahale, lile lile ambalo watalii wanalitembelea, na sokwe kadhaa walikufa. Kundi lote ni kama 60 tu, hesabu hasara hiyo. Tangu hapo masharti yamebana. Ukiwa na kikohozi, mafua, tumbo la kuhara, unabaki kempu hata kama umelipa dola elfu ngapi, na mwongozaji ana haki ya kukurudisha njiani. Mimi namuunga mkono mwongozaji huyo asilimia mia.

Mjukuu_wa_Nkungwe:

Naomba na mimi niseme, kwa heshima, mimi ni Mtongwe kwa kabila.

Mnapoongelea Mahale kama msitu ambao haukuwa na watu mnatukosea. Wazee wetu waliishi kwenye ile miteremko, walilima, waliwinda, waliweka mizinga, walikuwa na vijiji vyao mpaka ndani kabisa, na mlima Nkungwe kwao ulikuwa na heshima ya ibada sio wa kwenda kupigia picha. Walihamishwa, hifadhi ikaja. Ile miembe na michikichi mnayoikuta msituni mnafikiri nani aliipanda?

Na hata hayo mnayoyajua kuhusu sokwe wa Mahale yamepatikana kwa Watongwe. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Profesa Nishida na wenzake, walifika 1965, na waliosoma nyayo, waliojua mti upi unazaa mwezi gani, waliokaa msituni wakati maprofesa wamerudi Japani, ni wazee wetu. Mzee Mohamedi Seifu Kalunde alikuwa mganga wa miti shamba na mtafiti msaidizi hapohapo. Mwaka 1987 alikuwa na mtafiti Michael Huffman wakamfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, hali vizuri, analala mchana. Chausiku akaenda kwenye mti wa mjonso ambao sokwe kwa kawaida hawaugusi, akamenya shina changa akatafuna akameza utomvu mchungu. Siku iliyofuata akaanza kurudi kwenye hali yake. Mzee Kalunde aliujua mti ule siku nyingi, Watongwe wanautumia kwa minyoo na maumivu ya tumbo. Ugunduzi ule umeandikwa kwenye majarida ya kisayansi kwa jina lake na la Huffman pamoja. Sasa nikisoma tangazo la kempu linasema njoo kwenye pori ambalo mwanadamu hajawahi kuligusa, moyo unauma.

Mimi sipingi utalii, vijana wetu wanafanya kazi huko na wengine ni waongozaji wazuri sana. Ninachoomba ukienda, muulize mwongozaji wako ametoka kijiji gani na babu yake alikuwa wapi. Utapata safari nyingine kabisa ndani ya ile uliyolipia.

Mwisho_wa_Reli:

Mzee wangu umeandika kitu kizito, asante sana. Nakubaliana nawe mia kwa mia, na ningetamani kempu zenyewe ziweke habari ya Mzee Kalunde pale wanapoweka vitabu vya wageni. Mtu anakaa siku zote hizo anajua jina la kila sokwe, Primus, Alofu, Pimu, hajui jina la Mtongwe hata mmoja.

Mzalendo_Halisi:

Mimi naona mnaremba tu. Mikoa ya magharibi imeachwa nyuma miaka yote, leo mtu anasimama anasema barabara isifike. Serengeti ina barabara na watalii wanajaa. Lete lami mpaka ufukweni, jenga hoteli vyumba mia tatu, bei itashuka, Watanzania wataenda, ajira zitapatikana. Kigoma haiwezi kuwa mwisho wa reli milele.

Mwisho_wa_Reli:

Mkuu nakuelewa na hasira yako ni yangu pia, Kigoma tumekaa gizani muda mrefu. Ila tutenganishe vitu viwili. Barabara ya kufika vijiji vya nje, Buhingu, Kalya na huko, ijengwe hata kesho, akina mama wajawazito wanasafirishwa kwa mitumbwi na hilo halina mjadala. Ninachokataa ni barabara kuingia msituni.

Serengeti ni kama kilomita za mraba 14,700, wanyama wake wako uwandani na gari unalitumia kuwafuata. Mahale ni kama sehemu ya tisa ya hapo na msitu wenyewe ni mkanda mwembamba kati ya maji na mlima. Kundi moja la sokwe waliozoeshwa, watu sita kwa wakati, saa moja. Hoteli ya vyumba mia tatu wageni mia sita asubuhi wataenda kuona nini? Watakaa foleni mchangani. Sokwe hawaongezeki kwa sababu umeongeza vitanda. Halafu na lami inakuja mkaa, mbao na majangili, wanaofuatilia misitu ya ukanda ule wanajua kilichotokea Gombe, hifadhi ndogo, miti ya nje yote ikaisha mpaka ukingoni na sokwe wakabaki kama kisiwani.

Mimi pendekezo langu ni hili: tenti za bei ya kati. Sio nyingi, nane au kumi, kwenye eneo ambalo tayari TANAPA wanatumia, kitanda kizuri, choo safi, mpishi wa kijijini, hakuna mvinyo wa Ufaransa. Boti la pamoja linaondoka Kigoma siku maalum za wiki ili mtu asikodi peke yake, maana kinachomuua Mtanzania sio ada ya hifadhi, ni boti. Ukikodi la mwendo kasi peke yako mafuta tu yanazidi gharama zako zingine zote. Mkiwa nane mnagawana. Hilo linawezekana bila kukata mti.

Mama_Kalemie:

Habari za ng'ambo, niko Kalemie Kongo, tunawatazama. Kwenu jua linazama kwetu, kwetu linatokea kwenye milima yenu, asubuhi hewa ikiwa safi tunaiona Mahale kabisa. Sisi pia tuko na milima ya msitu kando ya ziwa, Kabobo, imepewa hifadhi 2016, sokwe wako humo. Lakini kempu ya kitalii hakuna kwa sababu ya usalama. Ninyi mna amani. Mnayo yote hayo na hamwendi, mimi nashangaa. Endeni.

Bint_Pangani:

Mama Kalemie asante, umenimalizia ubishi. Sasa kaka Mwisho wa Reli nipe njia, sio ya ndege ndogo, ya sisi wengine.

Mwisho_wa_Reli:

Sikiliza dada.

Dar hadi Kigoma una ndege ya kawaida au treni. Treni ni ndefu ila nchi yote unaiona, kama hamna haraka siwezi kukukataza. Lala Kigoma, tembea Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, pumzika vizuri. Zamani tungekwambia panda MV Liemba, meli ya Mjerumani ya tangu 1915, inasimama Lagosa unashuka kwa mtumbwi kwenda hifadhini, ila imekaa matengenezo muda mrefu kwa hiyo usipange safari kwa kuitegemea mpaka uwe umethibitisha bandarini.

Baki na boti. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla, waulize boti lao linaenda lini na kama kuna watu wengine wanaosubiri mwende pamoja. Ondokeni alfajiri, upepo wa kusi ukishika mchana kipindi cha kiangazi ziwa linakuwa na mawimbi ya kutosha kukulowesha mpaka mifupa. Maboya kila mtu na lake, kagua kwa macho yako, boti lisilo na maboya usipande hata kama nahodha ni shemeji yako. Vitu vya mjini vyote nunua Kigoma, huko hamna duka wala wakala wa pesa, mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Mabanda ya TANAPA mnalala kwa bei ya kawaida, mnabeba chakula mnapika. Siku mbili hapo, mnaenda kwa sokwe, mnapanda mpaka maporomoko ya maji. Halafu kama bajeti inaruhusu usiku wa mwisho mmoja au miwili hamieni kempu ya kifahari, ziko ufukwe uleule, boti dakika chache. Hivyo mnaonja vyote na hamjauza kiwanja. Kilele cha Nkungwe kiacheni, ni safari ya siku mbili tatu na tenti mgongoni na askari wa hifadhi, sio ya maharusi.

Mpishi_wa_Ziwani:

Naongezea kwa bibi harusi, waambie kempu mapema kwamba ni fungate. Tulikuwa tunawatandikia meza juu ya mwamba au ndani ya boti jioni bila malipo ya ziada, lakini mtu asiposema hatujui. Na mwambie mpishi kuhe, siku mbili kabla.

Bint_Pangani:

Nimemtumia mume mtarajiwa uzi wote. Kajibu Septemba, na kasema anaanza kwa kupigia ofisi ya hifadhi Jumatatu kuulizia boti la pamoja. Kama kuna wanandoa wengine humu wanataka kugawana mafuta ya boti Septemba mje PM, tuko wawili, tunatafuta sita.